Kiuno cha Suruali

Mwaka huu nimepeleka suruali ya shule ya mjukuu wangu kwa fundi mara mbili. Mara ya pili fundi aliigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma, akasema, "Bibi, hapa hakuna tena cha kuachia." Mjukuu ana miaka 14. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama viatu vyake.

Mwaka 1983 nilikuwa na umri huohuo, Temeke. Sukari tuliipangia foleni duka la kaya, na ikipatikana mama aliifungia kabatini. Shule tulienda na kurudi kwa miguu. Jioni ilikuwa rede: mpira wa soksi iliyojazwa matambara, wawili wanakulenga, nawe katikati unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa. Ukipigwa, unatoka. Tulicheza mpaka adhana ya magharibi, tukarudi na vumbi hadi kwenye kope.

Njaa nayo ilikuwepo, siisahau. Ndiyo iliyotufundisha kusema mtu "ana afya" tukimaanisha kanenepa. Kwa hiyo mjukuu alipokuwa na miaka saba, majirani wakimfinya mashavu na kusema mashaallah, mtoto ana afya, nilifurahi. Nikamwongezea upawa wa wali. Akisema ameshiba, nilimwambia amalize. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu tumbo lake lilikuwa linasema kweli, na mimi ndiye niliyelinyamazisha.

Pale tulipochezea rede sasa pana fremu za maduka. Barabarani bodaboda hazimwachi mtoto apite, basi mama yake analipia basi la shule. Linamchukua alfajiri mlangoni, linamrudisha jioni, kisha tuisheni, kisha simu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa umri wake auchangamshe mwili angalau dakika 60 kila siku. Nikihesabu zake, hazifiki 10. Wakati wa mapumziko hela yake inakwenda kwenye chipsi na soda. Ile chupa ya nusu lita ina sukari ya vijiko vya chai zaidi ya 10.

Muuguzi alimpima uzito na kimo, akalinganisha na watoto wa umri wake, akanieleza taratibu habari za kisukari na presha, kwamba siku hizi havisubiri uzee. Duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri walikuwa milioni 31 mwaka 1990. Mwaka 2022 walifika milioni 160. Mimi ninamfikiria mmoja, ambaye darasani wanamwita Bonge, na mpirani wanamweka golini ili asikimbie, naye ameacha kwenda kabisa.

Fundi alitia kipande cha kitambaa nyuma, rangi inakaribiana tu. Jumatatu mjukuu aliivaa, akaliacha shati nje likifunike. Nikamwambia, leo twende wote kwa miguu, nikusindikize. Akanitazama kana kwamba anapima kama nasema kweli. Nje basi lilikuwa limeshapiga honi.