Mtoto wa nani, kwa karatasi au kwa mdomo

Hapa Maryland mtu akikuambia anatafuta ukoo wake, jua anakwenda kukaa na karatasi: wasia, hati za mashamba, orodha za abiria wa meli, vitabu vya ubatizo. Kwetu Tanga ukitafuta ukoo unatafuta mtu mzima. Unampelekea sukari na majani ya chai, unakaa mkekani na kungoja mpaka ajisikie kusema. Wenyeji wangu wa huku hunionea huruma kidogo kwa hilo. Mimi huwauliza habari za akina Carroll.

Babu wa ukoo huo, Charles Carroll, alitoka Ireland na kufika Maryland mwaka 1688. Alikuwa amesomea sheria London, na Lord Baltimore, Mkatoliki mwenzake na mmiliki wa koloni, alimpa cheo cha mwanasheria mkuu. Cheo hakikudumu. Mwaka uliofuata Waprotestanti wa Maryland walipindua serikali ya Baltimore, na Carroll akabaki na akili yake tu. Hiyo ilimtosha: alioa binti wa Henry Darnall, tajiri mkubwa wa koloni, akakopesha watu fedha, akanunua ardhi. Alipofariki mwaka 1720 alikuwa na karibu ekari 48,000. Mashamba aliyapa majina ya ardhi ambayo jamaa zake walinyang'anywa Ireland: Ely O'Carroll, Litterluna, Doohoragen. Ukiikunjua ramani ya mali yake unasoma kwao kabla hujafungua kitabu chochote.

Halafu zikaja vurugu za majina. Mwanawe Charles, mjukuu wake Charles, na jamaa wengine akina Charles wamejaa humo humo Annapolis. Ndiyo maana mjukuu, aliyezaliwa mwaka 1737, alijiita Charles Carroll of Carrollton, na hivyo ndivyo alivyojulikana akiwa Mkatoliki pekee kati ya waliotia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani. Wao walitenganishwa na shamba. Sisi hutenganishwa na baba: Juma bin Ali bin Hamisi, na akitokea Juma bin Ali mwingine unapanda ngazi moja mpaka wa Hamisi na wa Mbaruku waachane. Mfumo huo hauhitaji mtu awe na shamba.

Lakini karatasi za akina Carroll zina jambo ambalo kwetu lingesemwa mlango ukiwa umefungwa. Wazazi wa huyo mtia sahihi, Charles wa Annapolis na Elizabeth Brooke, walifunga ndoa mwaka 1757. Mtoto wao alikuwa ameshafikisha miaka 19, yuko Ufaransa masomoni alikopelekwa akiwa mdogo, kwa sababu sheria za Maryland hazikuruhusu shule za Kikatoliki. Mtoto wa nje ya ndoa hakuwa na haki ya urithi kisheria, kwa hiyo baba alikuwa huru kumpima kwanza kama anafaa kuachiwa mali. Mama alifariki mwaka 1761 kabla kijana hajarudi. Baba huyo huyo, katika barua, alikuwa akimkumbusha mwanawe kwamba wazee wao walikuwa watawala wa Ely. Nasaba ya kifalme kwa mkono mmoja, cheti cha ndoa kwa mkono mwingine.

Shangazi yangu angeuliza kilichompata Elizabeth kwa miaka yote hiyo, na nani aliyekaa naye. Ukoo kwake una kazi. Ikija posa, yeye na wenzake ndio wanaojua kwamba huyu kijana na yule binti walinyonya ziwa moja, basi hawaoani. Hakuna fomu ya Marekani yenye nafasi ya kuandika hilo, na kile kichupa cha mate wanachokipeleka maabara kupimwa nasaba hakiwezi kulijua.

Karatasi pia huchagua watu wake. Waairishi wengi waliokuja makoloni wakati huo walikuwa watumishi wa mkataba, waliolipa nauli kwa miaka kadhaa ya kazi. Maryland ilifika mpaka kutoza kodi ya shilingi 20 kwa kila mtumishi wa Kiairishi aliyeingizwa, ili Wakatoliki wasizidi. Vizazi vyao vikirudi Ireland kutafuta hukuta majivu: tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka la Dublin liliungua, na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 zikaenda nalo. Mtu ambaye babu yake hakuwa na ardhi huishia hapo. Waairishi wa zamani walikuwa na wazee maalumu wa kutunza nasaba za koo kubwa, na hao Uingereza iliwamaliza mapema pamoja na machifu waliowalisha.

Kuna orodha moja ninayoiwaza zaidi. Mwaka 1773 Charles wa Annapolis aliwahesabu watumwa wake, akaandika majina na umri wao. Aliihesabu mali, basi. Leo kizazi cha watu wale kinaisoma kutafuta bibi na babu, na kinawapata.

Shangazi anaposoma ukoo wetu hana kigugumizi mpaka afike kwa bibi mmoja. Hapo husema, "Huyu alitoka bara," na kuendelea na mwingine. Watu wa pwani tunajua maana yake: aliletwa mtumwa. Mdomo humstahi aliyekufa, nami siudharau. Lakini kwa kumstahi umempotezea kijiji, baba na mama, hata jina alilokuja nalo. Wajerumani walipotutawala walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu wa namna yake, na hati kama hizo huwa zina majina. Likizo ijayo nitamwomba shangazi tufungue lile sanduku la chini ya kitanda. Najua ataanza kwa kuuliza ni nani anayetaka kujua, na kama kuna posa iliyokuja ambayo hajaambiwa.