Uvira: Kisu cha mama mmoja na misumari yangu

Leo siwaletei habari ya kikao wala ya mvua. Nawaletea habari ya kisu, na kosa ni langu mimi mwenyewe.

Wengi hapa Mulongwe wananijua kwa kuandika. Wachache wanajua kwamba jioni natia visu mipini, kazi niliyofundishwa na marehemu papa. Baada ya mafuriko ya Aprili 2020, mto ulipobeba vyombo vya nyumba nyingi, watu walianza kuniletea visu walivyookota matopeni, mipini imeoza.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka bonde la Ruzizi alileta chake. Anapasua nacho mikeke kule Kalundu, kutwa mikono majini. Akaniambia, “Papa, tia chochote, watoto wale.” Nikachonga mpini wa mpera, nikapiga misumari miwili ya kawaida, ile ya mbao. Nilikuwa na haraka.

Msumari ule ukishika kutu unavimba. Unanenepa ndani ya tundu mpaka mti unapasuka kwa urefu. Miezi michache baadaye mpini uligeuka mkononi mwake, kisu kikamkata kiganja. Wiki mbili hakushika samaki. Hakunilaumu, na hilo ndilo liliniuma.

Nikajaribu vingine. Spoki ya baiskeli ni ngumu mno: ukigonga kichwa chake kisambae, unaupasua mpini. Alumini ya sufuria kuukuu ni laini, inagongeka vizuri, lakini baada ya muda inalegea na mpini unacheza.

Nimebaki na shaba nyekundu, waya mnene wa kuran. Naukata uzidi mpini kama milimita 2 kila upande. Naupasha moto mpaka uwe mwekundu, nauchovya majini, hapo unalainika. Kisha nagonga kidogo kidogo kwa kuzunguka, chini nimeweka chuma kizito, mpaka kichwa kisambae kama uyoga. Ukiona waya unakuwa mgumu kabla hujaupachika, urudishe motoni. Tundu liwe la kubana. Likiwa pana, waya utajikunja ndani. Na shaba nayo ina kasoro: ikigusana na chuma penye maji, chuma ndicho kinachoanza kuliwa. Kwa hiyo kisu kisilale ndani ya beseni. Kifuteni, kikauke.

Sasa neno juu ya waya wenyewe. Usiku mmoja kijana alinigongea mlango na mzigo wa nyaya, mbichi kabisa, zimekatwa kwa panga. Bei ilikuwa nzuri sana. Nilikataa, maana nyaya zile zingeweza kuwa za kata yetu, na kesho yake ningeandika habari ya giza nikiwa mimi ndiye mnunuzi. Nanunua vipande kwa mafundi wa umeme, mchana, mbele ya watu. Ni ghali zaidi, na ndiyo sababu bei yangu imepanda kidogo.

Kisu cha yule mama nilikirudia bure, kwa shaba. Alikipokea, akakigonga mara tatu juu ya jiwe, akautazama mpini kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kama naweza kumtengenezea dada yake pia, ila yeye atalipa baada ya mbalamwezi, wavuvi wakirudi ziwani.