Taa Ndogo na Breka

Mchukuzi wa gunia ajua kuwa kazi ngumu si kwenda na mzigo, ila ni kuuinua. Jambo hili lajulikana sokoni, lakini kwa umeme lasahauliwa, na kusahauliwa kwake nusura kuiletee hasara nyumba moja ya Kikatiti, kando ya barabara itokayo Moshi kwenda Arusha.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, akiishi na wajukuu wawili. Miaka mingi nyumba ile iliwaka kwa balbu 9 za wati 60, na breka ya taa haikupata kuanguka. Kisha mwanawe akamtilia dari mpya na taa 22 za LED, kila moja wati 12. Wati 540 zikashuka kuwa 264. Mzigo ulipungua kwa nusu na zaidi; breka ikaanza kuanguka.

Fundi kijana aliyeitwa kwanza hakukawia kutoa dawa. Breka ilikuwa ya ampea 6; akashauri itolewe, iwekwe ya ampea 32, na siku ya pili akaja nayo mfukoni. Shauri hili latolewa katika nyumba nyingi, na ni baya kuliko ugonjwa wenyewe. Breka haikuwekwa kuzilinda taa. Imewekwa kuulinda waya uliofichwa ukutani na darini. Waya wa taa ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba, ambao ampea 32 zaweza kuuchemsha mpaka ngozi yake iyeyuke, na breka ile kubwa ingetazama tu, maana kwa hesabu yake hapana lililozidi.

Bibi alikataa, si kwa elimu ya umeme, bali kwa tabia ya ualimu: hakupenda jibu lililotangulia swali. Akaagiza fundi mzee kutoka Usa River.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Huanguka wakati gani?"

Bibi akampa daftari. Alikuwa ameandika kila tukio, siku na saa. Matukio yalikuwa 7. Katika 6, umeme ulikuwa umekatika, ukarudi, na breka ikaanguka papo hapo. Hakuna hata moja lililotokea taa zilipowashwa jioni, chumba baada ya chumba. Tukio la 7 lilikuwa usiku wa mvua ya masika, na mbele yake ameandika: "si ile ndogo, ni ile pana."

Fundi alisoma daftari lile kwa makini kuliko alivyotazama taa zenyewe. Majirani walikuwa wakisema kuwa umeme unaorudi huja na hasira. Na kweli huenda ukaja na msukosuko, lakini hapa hasira ilikuwa ya taa. Ndani ya kila taa ya LED mna kapasita, kama kibuyu kidogo cha kuwekea umeme. Ikiwa tupu, hugugumia kwa pupa mara inapoupata, ikavuta mara nyingi zaidi ya haki yake ya kawaida kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Taa moja haidhuru. Lakini umeme ukikatika na swichi zote zikaachwa wazi, taa 22 hungoja zikiwa na kiu, zikanywa kwa pamoja.

Breka za namna hii, ambazo asili yake ni kazi ya Hugo Stotz wa Ujerumani mwaka 1924, zina walinzi wawili: kipande cha madini kinachojikunja kwa joto la mzigo wa muda mrefu, na sumaku inayoruka kwa mkupuo wa ghafula. Breka yenye herufi B huruka mkupuo ufikapo mara 3 hadi 5 ya ampea zake. Yenye C, mara 5 hadi 10. Ya bibi ilikuwa B.

Fundi akajaribu. Akaacha taa zote zikiwa zimewashwa, akazima swichi kuu, akaiwasha: breka ikaanguka. Akazima nusu ya taa, akarudia mara tatu: ikasimama. Angeweza kuweka C ya ampea 6 ile ile, lakini alipendelea kugawa taa mafungu mawili ya 11, kila fungu na breka yake, pamoja na waya wake wa kurudishia umeme. Kwani mafungu mawili yakiazimana waya huo, anayezima moja hudhani yu salama, kumbe sivyo.

Ikabaki ile pana. Hiyo haihesabu mzigo. Hulinganisha umeme uendao na urudio, na upungufu wa miliampea 30 huiangusha. Fundi akapanda ngazi barazani, akafungua taa ya nje. Maji yakamwagika pamoja na sisimizi. Mpira wa kuzibia ulikuwa umepasuka.

Fundi kijana, aliyekuwa akitazama tangu asubuhi pasipo neno, akatumwa sokoni kutafuta mpira mwingine. Bibi akamwita kabla hajafika barabarani, akampa ile breka ya 32 aende akairudishe dukani, na akamwambia akifika aombe risiti.