Mkondo usio na maji

Kwenye chumba cha habari, neno mkondo halina maji. Mtuhumiwa akikamatwa, tunaandika kwamba sheria itachukua mkondo wake. Timu ikifungwa ugenini, tunasubiri mechi ya mkondo wa pili. Shule ikizidiwa na wanafunzi, darasa linagawanywa mikondo miwili. Siku hizi wapo hata wafasiri wanaotuambia mtu yuko mkondoni, yaani mtandaoni.

Hapa Dodoma, mtu akikwambia nyumba yako iko mkondoni, hutalala.

Asili ya neno ni maji yanayokwenda: yale yanayofika kwenye kifundo cha mguu, yanayotetemeka juu ya mchanga na kuonesha kila kokoto. Lakini mkondo ni njia ya maji pia, hata maji yakiwa hayapo. Kwetu tofauti hiyo si ya kamusi tu. Mvua ina msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima wastani haufiki milimita 600. Miezi mingine yote mkondo ni mchanga. Mbuzi wanapita, watoto wanacheza mpira, na dalali anauza kiwanja.

Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, viwanja vimekuwa dili. Mama mmoja niliyezungumza naye alinunua chake Agosti. Februari maji yakaingia mpaka chumbani, yakapita kwa saa chache tu, yakaondoka na ukuta. Majirani walikuja kumpa pole, lakini pembeni walikuwa na sentensi moja: "Si kajenga mkondoni!" Basi, mjadala umekwisha. Neno limegeuka hukumu.

Mimi hukumu hiyo inanishinda. Walioijenga Reli ya Kati enzi za Wajerumani walikuwa na wahandisi na ramani, na bado kati ya Gulwe na Kilosa waliipitisha kando ya Mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata vibaya. Sijasikia mtu akiwaita wale wajinga.

Halafu kuna upande wa pili. Mji huu umekunywa kwa miaka mingi maji ya visima vya Makutupora, na hazina ile ya chini ya ardhi hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, makorongo yanapofurika na maji kuzama mchangani. Mafuriko yanayobomoa ukuta wa mama yule ni ndugu wa maji tunayokinga bombani. Hatuwezi kuuchukia mkondo, na kuuziba ndiyo kabisa.

Kinachowezekana ni kulitumia neno mapema. Majirani walilijua, na dalali alilijua. Lilipaswa kutamkwa Agosti, mchanga ukiwa mkavu na pesa bado ikiwa kwenye pochi ya mama yule.