Unyayo wa Tembo Katika Shamba la Jirani

Mimi nakaa Ulaya. Msinionee wivu bure, maana Ulaya hii si ile ya Wazungu, ni Ulaya yetu ya Wilaya ya Kilosa, njiani ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi, nikastaafu, nikadhani ya kuwa habari za chaki zimekwisha. Hata tarehe 17 Machi 2020 shule zikafungwa nchini kote kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na siku chache baadaye binti yangu akaniletea mwanawe kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mvulana wa miaka tisa, wa darasa la tatu. Alikuja na begi la madaftari na redio ndogo ya betri.

"Mama," akaniambia binti yangu, "huyu hasomi. Akipewa kitabu analia."

Mtoto akaniamkia, "Shikamoo, bibi," nami nikamwitikia marahaba, kisha hakutoa neno jingine mpaka kesho yake. Nilikuja kufahamu baadaye, kidogo kidogo, ya kuwa darasani kwao alizoea kusimamishwa mbele asome kwa sauti, na akikwama wenziwe humcheka, na baada ya kicheko huja fimbo. Mwalimu wake simjui, wala sina haja ya kumtaja. Nimefundisha darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, najua mtu hufika wapi saa sita mchana.

Wakati ule masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, basi kila asubuhi tuliketi barazani tukasikiliza. Mjukuu wangu aliitazama redio kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa watu asiowajua. Nikimwuliza imesema nini, hutazama chini. Nilivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu nikakasirika, nikamwambia, "Kama hutaki kusoma, haya, chukua jembe ukalime!"

Akaenda kulichukua bila kubisha. Nami nikabaki barazani nimeona haya, maana maneno yale hayakuwa yangu, nilikuwa nimeyasikia zamani sana.

Mwaka 1967, mwezi wa Machi, Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, mimi nilikuwa darasa la nne. Alitaka shule ziwe na mashamba, na kazi ya shamba iwe sehemu ya masomo yenyewe. Alitaka wanafunzi washirikishwe katika kupanga, wajifunze kwa kujaribu, na waone faida ya jasho lao. Lilikuwa jambo jema. Lakini kwetu sisi tulilima pamba, ikauzwa, wala hatukupata kujua iliuzwa kwa shilingi ngapi. Hakuna aliyetuambia tupime mistari wala tuhesabu vitumba. Aliyechelewa alipewa mistari miwili ya kulima, aliyepiga kelele mistari mitatu. Shamba likawa ndugu yake fimbo.

Nami nilipopata ualimu, katika miaka ile ya kuandikisha watoto wote shuleni, nilifanya vivyo hivyo. Sitaki kujificha. Ni watoto wangapi niliowafundisha kuchukia jembe na kitabu kwa pigo moja, Mungu ndiye ajuaye.

Basi nikamfuata mjukuu wangu, nikalitwaa jembe mkononi mwake, nikamwambia, "Liache, twende tukatembee."

Usiku uliopita tembo walikuwa wamepita upande wetu. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imepata jina lake kwa mikumi, ile miti iitwayo pia mivumo. Wageni huvuka bahari kuja kuitazama, na barabara kuu ya kwenda Iringa imeipasua katikati, hata abiria wa basi huona twiga bila kulipa senti. Lakini tembo hajui mpaka uliochorwa kwenye karatasi. Jirani yangu, mama mmoja mjane, alikuwa amesimama katikati ya mahindi yake yaliyolala, mikono kichwani. Mjukuu wangu akaishika kanga yangu akajificha nyuma. Tukampa pole yule mama. Kisha mtoto akachungulia, akaona unyayo katika tope, mpana kama sinia, akasema, "Bibi, alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Wasomaji, hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu aje.

Nilikumbuka jambo nililoambiwa na askari mmoja wa wanyama, siku nilipopeleka wanafunzi Mikumi zamani. Alisema: pima mzingo wa unyayo wa mguu wa mbele, ule ulio wa duara kuliko wa nyuma, kisha uzidishe kwa mbili, utapata urefu wa tembo kutoka chini mpaka begani, si kamili lakini karibu sana. Tukaleta kamba ya mkonge, tukaizungusha, mtoto akafunga fundo. Lakini tupimie nini? Nyumbani tulikuwa na rula moja, nayo imevunjika, imebaki sentimita 20.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Kilosa mjini, nikaenda naye. Reli ya kati ya zamani, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1 barabara kutoka chuma hata chuma, ukipima kwa ndani. Tulingoja kwenye kivuko, tukahakikisha hakuna treni, nikamwomba mtu mzima atuangalilie, na mtoto akainama akanyosha kamba yake. Ilizidi mita. Ile ziada akaipima kwa kipande cha rula: sentimita 20, akasogeza, na 4 tena. Akachukua kijiti akaandika mchangani kando ya njia, 124 mara 2. Alikosea mara ya kwanza, akafuta kwa mguu wake mwenyewe, bila kulia. Jibu likawa sentimita 248. Njia nzima ya kurudi alinyosha mkono juu akitafuta mahali bega la tembo lilipofika. (Reli mpya ya treni ya umeme, ambayo wakati ule ilikuwa ikijengwa, ina upana wa milimita 1,435. Hiyo alinidai baadaye, ikanibidi nikaulize.)

Tangu hapo tukawa na desturi. Asubuhi redio na daftari barazani, maana mambo mengine redio iliyajua kuliko mimi, hasa Kiingereza. Jua likipungua tunatoka nje, na tuliyoyaona tunarudi kuyaandika. Watoto wa jirani wakaanza kuja mmoja mmoja, wakaketi mbalimbali chini ya mwembe, kila mmoja amenawa kwa sabuni. Mwezi wa Mei walikuwa kumi na mmoja.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa wafugaji, Mmasai, ambaye hajapata kukanyaga shule. Wenziwe hawakutaka kuketi naye. Wilaya yetu ina donda katika jambo hilo, maana mwaka 2000 kule Rudewa wakulima na wafugaji waliuana. Nami sikuhubiri. Niliwauliza tu ng'ombe wale waliopita ni wangapi. Wetu walipiga makelele, thelathini, arobaini. Yule akasema, "Thelathini na saba, na mmoja hayupo." Hakuwa amewahesabu. Alikuwa amewajua kwa nyuso. Mjukuu wangu akamsogelea, akataka afundishwe. Baada ya juma moja walikuwa wakipeana, huyu anampa herufi na yule anampa majina ya rangi za ng'ombe.

Si kila mtu alifurahi. Mama mmoja alinijia akasema, "Mwalimu, nimemleta asome, wewe unampeleka porini." Alikuwa na haki. Mtoto mwingine alikuwa ameumwa na nge alipogeuza jiwe nililomwambia mwenyewe aligeuze. Tukaweka sheria: hakuna kugeuza jiwe kwa mkono, hakuna kutoka bila mtu mzima, na palipo na kinyesi kibichi cha tembo tunarudi nyumbani. Tena nisieleweke vibaya. Katika miaka ya sabini wengi wetu tulifundisha chini ya miti kwa kuwa hapakuwa na madarasa, mvua ikija tunatawanyika. Ule ulikuwa upungufu, wala siusifu. Mtoto anahitaji dawati, ukuta na paa. Ninalosema ni kwamba anahitaji pia mtu wa kumtoa nje akiwa na swali, na kumrudisha ndani akiwa na jibu la kuandika.

Yule mama mjane ndiye aliyetupa kazi kubwa. Alisikia ya kuwa serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na wanyama, nacho huhesabiwa kwa ekari, lakini kuandika hajui. Akaja kwangu. Nikamwambia, "Mama, mimi macho yangu yamechoka, waombe hawa." Watoto wakaenda shambani. Kwa kawaida yetu ekari ni hatua 70 kwa 70, hatua za mtu mzima, basi walimtembeza yule mama mwenyewe huku wakihesabu kwa sauti. Sehemu iliyoharibika ilikuwa hatua 70 kwa 50. Wakabishana mchana kutwa chini ya mwembe, hata wakakubaliana kuwa ni robo tatu ya ekari kasoro kidogo, yaani imepita nusu lakini haikufika robo tatu.

Barua sharti iandikwe na mmoja. Wakamtazama mjukuu wangu, maana yeye alikuwa na daftari safi. Nilitetemeka kuliko yeye. Aliandika ukurasa mmoja kwa saa mbili, akafuta mara nyingi hata karatasi ikatoboka. Aliandika tarehe, ukubwa wa shamba, na kwamba mmoja wa tembo alikuwa na urefu wa sentimita 248 mpaka begani. Kisha yule mama akasema, "Nisomee, baba, nisikie umeniandikia nini."

Akasimama. Watoto kumi walikuwa mbele yake. Alikwama kwenye neno "yaliyoharibiwa". Hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wamelipima shamba lile na walitaka barua ifike mwisho. Akarudia, akalivuka.

Alipomaliza yule mama alimshika mkono, akasema ahsante, baba, kama anavyosema na mtu mzima. Baadaye bwana mmoja alitumwa kupima shamba, naye hesabu yake ilikaribiana na ya watoto.

Tarehe 29 Juni shule zilifunguliwa. Binti yangu akaja kumchukua mwanawe, mtoto akaomba abaki, tukakubaliana amalizie shule ya kijiji. Hakuwa wa kwanza darasani hata siku moja, na hesabu za sehemu zilimtesa sana. Mwaka 2024 alimaliza darasa la saba, akafaulu.

Januari 2025 aliondoka kwenda sekondari na sanduku lake. Jioni nilitafuta ile kamba yenye fundo, iliyotundikwa karibu na mlango miaka yote ile, nikauona msumari peke yake.