Barua kutoka Dongobesh

Dada mpendwa,

Baridi ya Mbulu usiombe. Kutoka Babati tulipita Dareda, basi likapanda ukuta wa Bonde la Ufa taratibu, Mlima Hanang na mita zake 3,420 tukauacha kushoto, hadi tukatokea huku kwenye mashamba ya vitunguu saumu.

Nimefikia kwa familia ya Wairaqw yenye watoto tisa. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulitaja wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke, vijijini 5.5, lakini hapa tisa hawamshtui mtu. Kitindamimba alipozaliwa kule Haydom, katika ile hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa 1955, dada mkubwa ndiye aliyebaki kuwapikia na kuwaogesha wenzake.

Moyo wangu umenasa kwa yule wa sita, ana miaka kama kumi. Nimemtazama wakila. Sinia la ugali na mlenda likitua tu, wakubwa wanamega mfululizo. Yeye hukaa ubavuni kwa mama, anamega tonge kubwa na kulipoza kiganjani huku la kwanza akilitafuna. Hajawahi kulia njaa, mama yake anasema. Sweta lake la shule limepita kwa kaka wawili, viwiko vimetiwa viraka. Ada ya shule ilishafutwa, lakini sare na madaftari ni juu ya mzazi, kwa hiyo daftari lake moja lina hisabati mbele na Kiswahili nyuma.

Kinachoniuma ni kingine. Mama akimwita, hutaja kwanza majina ya watatu wengine ndipo alipate lake. Anapendwa, hilo nimeliona kwa macho yangu. Tatizo ni kwamba mama ni mmoja. Nilipomuuliza mtoto kwa nini anakimbilia zamu ya kuchunga ng'ombe Jumamosi, alisema kule anaimba mpaka mwisho bila mtu kumkatiza. Nadhani mtoto huyu amejitafutia nafasi yake mwenyewe, na ningependa watu wazima tumwongezee kidogo.

Basi ukija Desemba, mletee madaftari makubwa mawili. Zawadi ya pamoja tutawapa wote, ila haya yawe yake. Jina lake kamili nitakutumia kwenye simu, uliandike juu ya jalada kabla hujafika.

Wasalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako