Bomba la mjomba na kemikali yenye jina gumu

Wadau, leo naomba niwachoshe kidogo na baiolojia. Kuna kemikali mwilini inaitwa asetilikolini. Jina gumu, lakini bila hiyo huwezi hata kupepesa jicho.

Iko hivi. Ujumbe husafiri ndani ya mshipa wa fahamu kama umeme. Ukifika mwisho unakuta upenyo mdogo mno kabla ya msuli. Hapo mshipa unamwaga asetilikolini, inavuka, inagusa vipokezi vya msuli, msuli unakaza. Papo hapo kimeng'enya kinaivunja, ili msuli ulegee na kungoja amri nyingine.

Otto Loewi alionyesha mwaka 1921, kule Graz, Austria, kwamba neva hutumia kemikali. Alisisimua neva ya moyo wa chura, ukapunguza mwendo. Akachukua maji yaliyokuwa kwenye moyo ule, akayatia kwenye moyo wa chura mwingine. Nao ukapunguza mwendo! Mwaka 1936 yeye na Henry Dale wakapata Tuzo ya Nobel.

Sasa vyura wanatuhusu nini? Mjomba wangu analima nyanya. Anapiga dawa kifua wazi, bomba mgongoni, na kuchanganya anachanganya kwa mkono. Dawa za wadudu za kundi la oganofosfati huua kwa kukifunga kile kimeng'enya. Asetilikolini inarundikana, amri haikomi, mdudu anakufa.

Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho tunacho na sisi. Mtu akiingiwa na dawa nyingi hutokwa mate, machozi na jasho, mboni zinasinyaa, misuli inatetemeka, mwisho anashindwa kupumua. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, ambako hupewa atropini.

Nilipomwambia mjomba akacheka: "Mpwa wangu, miaka yote hii napiga, mbona sijafa?"

Hapo ndipo penye mtego. Kimeng'enya kilichofungwa huweza kuchukua wiki kadhaa kurudi katika kiwango chake. Ukipiga tena kabla ya hapo, unapunguza kilichobaki, na mwili unaweza usikuambie kitu. Kutoumwa leo si ushahidi kwamba uko salama.

Nimemnunulia glavu na buti. Anavaa nikiwepo.

Je, kwenu nani anabeba bomba? Na anavaa nini?